Iache Ikauke

Zuhura mwanangu,

Salamu zako nilikupa asubuhi ulipotoka kwenda Chumbi kuwaaga wajomba zako, kwa hiyo siianzi karatasi hii kwa kukuuliza hali. Hali yako naiona. Unacheka peke yako, chakula hakipiti, na begi umelifunga na kulifungua mara nne tangu juzi. Barua hii utaikuta usiku huu, ukilifungua tena, katikati ya mashuka mawili meupe niliyokufungia. Ndani yake mna jambo nililolificha tangu hujazaliwa, na siwezi kukuacha uondoke nalo likiwa limepinda kichwani mwako.

Mambo ya kula, kulala na kuswali sitayaandika. Wewe ni muuguzi mwenye cheti, mimi ni darasa la saba. Darasa la saba la zamani lakini, lile la kalamu ya wino na fimbo, ndiyo maana mwandiko wangu unausoma bila kufinya macho. Karani wa hospitali alikuwa ananiita mimi nimwandikie vibao vya milangoni. Alikuwa na cheti, hati zake zilikuwa kama kuku amepita.

Shangazi yako Tatu amefika tangu adhuhuri kutoka Salale, na kikapu chake cha kamba wakavu. Yuko uani anakuna nazi za mkate wa kumimina wa safari yako. Sasa hivi amenipigia kelele dirishani.

"Wifi! Unaandika nini muda wote huo, wasia? Au umeajiriwa ukarani uzeeni?"

"Kuna nazi yako, Tatu," nikamwambia. "Mambo ya waliosoma hayakuhusu."

Amecheka mpaka mbuzi imeyumba. Mimi sikucheka. Tangu nijue kushika kalamu sijaandika karatasi inayomhusu Tatu kuliko hii.

Zuhura, ulipotoka kwenye usaili Dar ulinipigia simu unapiga vigelegele. Ukaniambia walikuuliza kwa nini unataka kazi hii ya kulinganisha dawa za kupaka ngozi kabla ya upasuaji, wewe ukawajibu kwamba mama yako alikuwa mhudumu wa thieta, na aliona kwa macho yake wagonjwa waliopakwa iodini mishono yao ikioza, na waliopakwa spiriti wakipona. Ukasema wakatazamana wakafurahi, na mmoja akasema, mama yako ni mtafiti asiye na cheti.

Wallahi siku ile nilitembea kama sikanyagi chini. Nilimwambia muuza mkaa. Nilimwambia imamu. Nilimwambia hata yule mama wa kwenye kona ambaye hatusalimiani tangu Idi ya mwaka juzi. Kibiti yote ikajua kwamba mimi, Mwajuma, nimenukuliwa mbele ya madaktari wa Dar es Salaam. Usiku nikalala, na nilipoamka kwa alfajiri ile furaha ilikuwa imekwisha. Kimekaa mahali pake kitu kingine, na hakijatoka mpaka leo.

Nililokufundisha si kweli. Macho yangu yaliona, lakini yaliona nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa mikononi mwangu mwenyewe.

Nianze na mashuka, maana kila kitu kilianzia kwenye mashuka.

Nilipoolewa na baba yako, Mungu amrehemu, nilipata kazi hospitali. Sitaitaja, iko ilipo na watu wake ni wengine sasa. Niliingia kama mfuaji. Nguo za thieta zilikuwa zimekuwa za rangi ya chai. Mimi niliona aibu kwa niaba ya waliozifua kabla yangu. Nikaloweka, nikachemsha kwenye pipa, nikatia bluu, nikaanika kwenye jua la saa sita, na zilipokauka nikazitia wanga kwa maji ya mchele wetu wenyewe wa bonde la Rufiji, kama mama alivyonifundisha kutia kanzu za baba. Nikapiga pasi ya mkaa. Shuka langu ukilisimamisha linasimama. Daktari mgeni alipoingia thieta mara ya kwanza alisimama mlangoni akauliza, nani anafua hapa? Tangu siku hiyo jina langu likawa Mama Mashuka, na wewe hujazaliwa bado, mtoto sina, mashuka ndiyo wanangu.

Walipoona nina mkono safi wakaniingiza thieta yenyewe, kuwa mhudumu. Kazi yangu kumpandisha mgonjwa kitandani, kumshika mikono akidungwa sindano, kumsomea dua sikioni. Nesi anapaka dawa tumboni, halafu anageuka kupanga vyombo vyake. Katika dakika zile anabaki mgonjwa na mimi.

Dawa zilikuja kwa zamu. Mwezi huu tunaletewa iodini, mwezi ule imekwisha, tunatumia spiriti. Spiriti ilikuwa rafiki yangu, haina rangi, unaipaka na mara imeruka, shuka halijui kama kuna kitu kimepita. Iodini ilikuwa adui. Ilikuwa inashuka mbavuni mwa mgonjwa taratibu, nyekundu kama maji ya kutu, inaingia kwenye shuka langu. Na kwenye shuka langu haikuwa inabaki nyekundu. Ilikuwa inageuka nyeusi. Nyeusi yenye bluu, kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Nilikuwa nafua mpaka vidole vinachubuka na bado kivuli chake kinabaki. Nilisema dawa hii ina laana.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, ukarudi shuleni mbio, ukadondosha iodini ya maabara kwenye wali wangu, ukasema, "Mama, tazama, inageuka nyeusi! Ni wanga ndio unafanya hivyo"? Na mimi nikainuka, nikaacha chakula, nikasema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kichwa. Ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba lile doa nililolichukia miaka yote nilikuwa nalipika mwenyewe, kwa maji yangu ya mchele, kwa kutaka mashuka ya hospitali yasimame kama kanzu za Idi. Hospitali haikuniomba wanga. Niliutia kwa sifa.

Basi nikawa nachukua kipande cha gozi ya kufungia vidonda, kisafi, kutoka pakiti yake, nazuia yale matone yasifike kwenye shuka. Hilo halikuwa kosa. Halafu nikaanza kufuta mbavu. Halafu, mwanangu, nikaanza kufuta tumbo lenyewe. Nililiona linang'aa, limelowa, na mimi kwa akili yangu ya ufuaji kilicholowa bado ni kichafu. Nesi akigeuka anakuta tumbo limekauka vizuri, anadhani dawa imekauka yenyewe. Mara moja aliniona. Alisema, tena kwa upole, "Mama Mashuka, usiguse. Iache ikauke." Nikamjibu, "Ndiyo, sista." Moyoni nikasema, huyu hafui.

Spiriti sikuifuta hata siku moja. Ya nini? Haikuwa inachafua. Umeelewa sasa? Iodini niliipangusa mbichi na spiriti niliiacha ikafanya kazi yake. Halafu wodini, nikibadilisha mashuka ya waliopasuliwa, nikaona mishono ya mwezi wa iodini inatoa usaha na ya mwezi wa spiriti imetulia. Yule sista akaniuliza siku moja, "Wewe unayewaona wote kila asubuhi, unaonaje dawa hizi mbili?" Mimi huyo, kifua mbele! Nikamwambia, sista, hii nyekundu ni mbovu, spiriti imeishinda mbali. Akaandika kwenye daftari lake. Nililiona jina langu pale, Mama Mashuka, na nikaenda nyumbani naringa. Miaka yote hiyo nimekusimulia wewe hadithi hiyohiyo, ukakua nayo, ukaenda nayo mpaka Dar.

Sasa nakuja kwa Tatu.

Naandika huku namsikia anaimba huko uani. Anaimba vibaya siku zote, na siku zote anaimba kwa sauti.

Tatu alishikwa na uchungu Salale, mimba yake ya kwanza, siku mbili mtoto hashuki. Wakamleta kwa boti mpaka Nyamisati, kutoka hapo wakampakia kwenye pikapu ya samaki mpaka kwetu. Mimi ndiye niliyempandisha kitandani. Aliponiona alinishika shingo akasema, "Wifi, alhamdulillahi ni wewe." Ulikuwa mwezi wa iodini. Nesi akampaka, akageuka. Mimi nikamsomea dua sikioni, mkono wangu wa kushoto umeshika mkono wake, na wa kulia ukachukua gozi ukafuta. Nilimfuta vizuri kuliko wote, kwa kuwa ni wifi yangu. Nilitaka alale pasafi.

Mtoto akatoka mzima, ndiye huyu binamu yako unayegombana naye kwenye simu. Siku ya saba Tatu akaruhusiwa, akaja kwa bibi yako Mwanahawa, mama yake mzazi, mama mkwe wangu, ambako na mimi nilikuwa nakaa.

Bibi yako wewe ulimjua mzee, kimya, amekaa kwenye mkeka na tasbihi. Hukumjua alipokuwa Mwanahawa mkandaji. Mwanamke akizaa, kuanzia Mohoro mpaka visiwa vya Salale, anatumiwa boti kuja kumchukua yeye. Maji ya moto, majani yake anayajua mwenyewe, na ile mikono. Siku arobaini mzazi anatoka amenyooka kama msichana. Mimi mwenyewe nilimwonea wivu. Ndani ya nyumba moja tulikuwa wanawake wawili wenye sifa, yeye kwa mikono yake na mimi kwa mashuka yangu.

Nilimwambia, "Mama, huyu amepasuliwa. Tumbo usiliguse." Akaniangalia. "Mimi ni mjinga?" akasema. "Nitamkanda mgongo, miguu na mabega. Tumbo ni la daktari." Na hivyo ndivyo alivyofanya. Naandika hapa kwa wino: hivyo ndivyo alivyofanya. Asubuhi na jioni, siku tatu, mimi ndiye niliyeshika ndoo. Tumbo lilifunikwa kwa kanga kavu na kanga ile haikulowa hata pembe.

Siku ya nne Tatu akawa moto kama chungu. Tukafunua mshono, harufu ikatutoa nje. Tulimrudisha hospitali, hospitali ikampeleka mbele, na huko wakakitoa kizazi ili wamwokoe yeye. Alirudi baada ya miezi miwili, nywele zimenyonyoka, ana mtoto mmoja na hatapata mwingine. Mume wake hakukaa naye mwaka.

Kwenye faili waliandika: mgonjwa alikandwa maji ya moto nyumbani. Mstari huo tu. Aliyeandika hakusema uongo, alikandwa kweli. Watu wakamalizia wenyewe.

Baba yako alikuwa mtu mpole, wewe unajua. Siku maneno hayo yalipomfikia aliingia ndani akamwambia mama yake mbele yangu, "Mama, maji yako yamemla dada yangu."

Bibi akasema, "Tumbo sikuligusa. Muulize mkeo. Yeye alishika ndoo."

Baba yako akanigeukia. Zuhura, nimepita mambo mengi. Nimezika mume, nimefukuza nyoka chumbani, nimegombana na mganga mkuu akanyamaza yeye. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Kwa sababu nilijua nikisema "kweli, hakuligusa," swali la pili litakuwa, basi ni nini? Na moyoni nilikuwa nasikia ile sauti ya sista, iache ikauke. Sikuwa na elimu ya kujua nimefanya nini. Nilikuwa najua tu kwamba niliambiwa nisiguse, nikagusa.

Nikasema, "Mimi nilikuwa nachota maji. Sikuona yote."

Bibi yako aliniangalia, halafu akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza, kama mtu anayetafuta kitu alichokishika punde. Nadhani tangu pale na yeye akaanza kujishuku. Hilo ndilo lililonimaliza baadaye. Watu kumsema ni jambo moja. Mimi nilimfanya asiiamini mikono yake.

Boti hazikuja tena kumchukua. Sufuria lake kubwa alilifudikiza nyuma ya nyumba, kuku wakalala chini yake. Wewe ulipozaliwa, nikamwomba anikande. Akasema, "Mkwe wangu, mikono hii usiiombe. Mtoto wako ni mzuri, usimtakie balaa." Akaenda kumwita jirani. Nilikandwa na mwanamke asiyejua kazi, na mkandaji bora wa Rufiji amekaa nje ya pazia anachambua mchele. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikaguna tu kwa maumivu.

Ukiwa darasa la tatu tukaletewa semina. Mwalimu kijana, mkali, akatuambia wahudumu: dawa ya ngozi inaua vijidudu katika muda ule inapokuwa juu ya ngozi inakauka. Ukiifuta mbichi umefuta kazi yote. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, nikaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na nikakaa bombani mpaka semina ikaisha. Bibi yako alikuwa hai. Aliishi miaka mitatu zaidi. Miaka mitatu, kila asubuhi, nilimkorogea uji nikamkabidhi kikombe mkononi, na sikusema. Nilikuwa nampikia vizuri mno. Watu walinisifu, mkamwana gani huyu! Na mimi nilizipokea zile sifa.

Siku alipokufa niliosha mikono yake kwa zamu yangu katika wale waliomwosha. Niliiosha mara nyingi kuliko inavyotakiwa, mpaka mwosha mkuu akanishika bega.

Nisikudanganye tena kwa upande wa pili. Mimi sijui kama ni mkono wangu uliomwozesha Tatu. Wewe mwenyewe uliniambia jikoni kwamba siku zile tulikuwa tunawanyoa wagonjwa kwa wembe, na wembe unakwaruza ngozi, na siku hizi mmeacha. Uliniambia siku mbili za uchungu zenyewe zinaleta homa. Huenda ni hayo. Huenda ni mimi. Huenda ni yote. Hakuna atakayejua, na sababu ya kutojulikana ni kwamba kitu kimoja hakikuandikwa popote, na aliyekijua alikuwa mimi. Wakakichukua kilichoandikwa, maji ya moto, wakakifanya ndiyo jibu.

Ndiyo maana nakuandikia, si kwa ajili ya kukutisha. Keshokutwa utaingia thieta ya watu wakubwa. Utakuwa na dawa mbili, iodini upande huu, na ile nyingine yenye jina refu iliyochanganywa na spiriti, klorheksidini, umenisahihisha mara tatu na leo nimeipata. Mgonjwa huyu hii, mgonjwa yule ile, halafu siku thelathini mnafuatilia mishono. Nilikuuliza, ipi itashinda? Ukaniambia, "Mama, wengine wameona hii imeshinda kidogo, wengine wameona ziko sawa. Ndiyo tunatafuta." Halafu ukacheka, ukasema, "Lakini mimi na wewe tunajua, siyo?"

Hatujui, mwanangu. Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika. Usiende kule na dawa unayoipenda. Mimi niliipenda moja na nikaichukia nyingine, na mkono ukafuata bila kuniuliza. Ipe iodini muda wake wote. Ipe na ile nyingine muda wake, na kwa vile uliniambia kwamba yenye spiriti isipokauka kisu cha umeme kinaweza kuwasha moto, hiyo ndiyo usiifanyie haraka kabisa. Zikishapata haki sawa, hapo zishindane. Na wale waliokusaili, wape neno hili: mama yangu alikosea, nimepata habari kamili. Watakuheshimu. Wasipokuheshimu, mimi nakuheshimu, na mimi si mtu mdogo, Kibiti wananijua.

Siku utakayokosea, maana utakosea, kuna fomu na kuna kalamu. Andika. Andika, niliifuta kabla haijakauka, hata kama mkono wenyewe ni wako na daktari amesimama nyuma yako. Usiwaachie watu mstari mmoja wakamalizia wenyewe.

Na humo thieta atakuwepo mwanamke kama mimi. Hana cheti, ana ndoo. Anaona yote ninyi mkigeuka. Mkalishe, muulize anafanya nini na kwa nini. Usimuulize kwa ukali, atasema "Ndiyo, sista," na moyoni atasema huyu hafui. Msifu kwanza mashuka yake. Sisi wenye sifa hufunguka kwa hilo.

Mashuka niliyokufungia sikuyatia wanga. Yataonekana yamelegea. Yaache hivyo hivyo.

Sasa nainuka. Barua hii siifungi, naipeleka uani aisome Tatu kwanza. Nilitaka kuandika kwamba nitamwambia ukishaondoka. Lakini nikishaliona basi lako limeondoka nitapata sababu, najijua.

Nimerudi. Ni karibu na magharibi, nakuongezea haya.

Amesoma amekaa kwenye mbuzi, nazi mapajani, midomo inacheza kama anavyosoma yeye siku zote. Alipofika mahali pa ndoo alirudia. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Mama alijua?"

"Hakujua," nikamwambia. "Alikufa anadhani ni yeye."

Sikuthubutu kusema nisamehe. Kuku wakaja wakaanza kudokoa machicha miguuni pake na hakuwafukuza. Nikasema, "Tatu, sema chochote. Nitukane." Akasema, "Wifi, nyamaza kidogo, siku zote unaongea."

Baadaye akasema, "Siku ile kitandani nilikuona unanifuta. Nilidhani unanibembeleza." Hapo nikalia mimi, yeye hakulia.

Halafu akanirudishia karatasi, akasema kuna kitu hakijakaa sawa. Nimeandika jina la mama yake kama habari inayopita. Akasema, "Liandike peke yake, pasiwe na jina lako pembeni." Amesimama mlangoni sasa, anatazama kama natii. Namtii:

Mwanahawa hakuligusa tumbo. Kanga haikulowa.

Hajaniambia kama amenisamehe, na usimuulize kesho. Alichoniambia ni kwamba tutakusindikiza sote wawili mpaka stendi, utakula mkate wake na utacheka, na basi likishaondoka mimi sirudi nyumbani. Nitapanda naye gari la Nyamisati, na kutoka hapo boti. Huko Salale wako wanawake wazee waliokuwa wanamtumia mama yake boti, na waliacha kumtumia. Anataka niingie nyumba moja baada ya nyingine niwaambie wenyewe, kwa mdomo wangu, neno lile lile nililoliandika hapo juu. "Unaongea sana, wifi," amesema. "Sasa utaongea."

Nimekubali. Kwa hiyo kesho ukikuta mabegi mawili mlangoni usishangae. Lile dogo ni langu.

Mama yako,
Mwajuma